Usiilaumu Betri Kabla ya Kuipima

Wasikilizaji, leo tutazungumza juu ya betri ya pili katika gari la zamani, na chaja inayoilisha betri hiyo. Swali letu ni moja: betri isipojaa, tuanze kutafuta wapi?

Jambo hili linatuhusu sana hapa kwetu. Rodi Kopany ni njia panda. Magari ya Homa Bay na Rongo yanapita hapa, na ya Ndhiwa na Sori yanakata kona hapa. Mengi ni van zilizotumika nje kabla ya kufika Kenya, zikatumika tena hapa miaka mingi. Kuna van ya vyombo vya muziki inayokwenda matangani. Kuna ya kanisa yenye spika juu ya paa. Kuna ya kliniki inayobeba friji ya chanjo. Na mara mojamoja utaona gari la kempa, lile lenye kitanda na jiko ndani, likielekea mbuga ya Ruma kwa wale wanaotaka kuwaona swala aina ya korongo, maana Kenya nzima Ruma ndiyo mbuga pekee walimobaki.

Magari haya yote yana kitu kimoja. Pamoja na betri ya kuwashia injini, nyuma kuna betri nyingine ya taa, friji, redio au amplifaya. Kazi yake ni kutoa umeme pole pole kwa saa nyingi, injini ikiwa imezimwa. Betri hiyo inapogoma, mazungumzo huwa ni yale yale.

“Fundi, betri yangu imekufa.”

“Umeipima, mzee?”

“Kupima cha nini? Taa zinazimika saa mbili usiku. Niuzie nyingine.”

Mzee analipa maelfu ya shilingi, anafungiwa betri mpya, anaondoka na furaha. Baada ya miezi michache anarudi na malalamiko yale yale, kwa sababu betri ya kwanza haikuwa na kosa. Ilikuwa na njaa. Chaja haikuilisha, au ililisha kidogo kila siku mpaka ikadhoofika. Hata hiyo mpya sasa imeanza kufa njaa. Mambo haya yananiuma, kwa sababu pesa hizo zilikuwa karo ya mtoto, au mbolea ya msimu.

Kwa hiyo nitasema hivi, na nitarudia tena kabla hatujaagana: usiilaumu betri kabla ya kuipima.

Kupima kunahitaji mita. Mita ya kawaida ya dijitali inauzwa dukani kwa bei ndogo sana ukilinganisha na bei ya betri. Iweke kwenye volti za DC. Waya mwekundu gusisha kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, kisha usome. Ukiwa na kalamu karibu, andika namba tatu tu.

Namba ya kwanza ni 12.6. Betri ya risasi na asidi ya volti 12, ikiwa imejaa na imepumzika usiku kucha bila kuchajiwa wala kutumiwa, itasoma 12.6 au zaidi kidogo. Namba ya pili ni 12.2, na hapo imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 imekwisha, na kila siku unayoiacha hivyo unaiumiza. Namba ya tatu ni 14.4. Hiyo, au karibu na hiyo, ndiyo unayotarajia kuiona kwenye vichwa vya betri chaja ikiwa imefanya kazi kwa saa kadhaa na betri inakaribia kujaa.

Narudia kwa aliyekuwa anatafuta kalamu: 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, 14.4 inachajiwa vizuri.

Kwa nini nasisitiza ipumzike kwanza? Kwa sababu betri ukiitoa kwenye chaja sasa hivi itakuonyesha 13 na kitu, nawe utashangilia. Hiyo ni nguvu ya juu juu tu. Iache ilale, uipime asubuhi kabla hujawasha chochote. Namba ya asubuhi haidanganyi.

Sasa tuingie ndani ya gari. Tuseme una van yenye chaja ya kuchomeka kwenye stima. Umeegesha nyumbani, umevuta waya mpaka kwenye soketi, chaja imewashwa usiku mzima. Asubuhi betri inasoma 12.1. Nani mwenye makosa?

Anza umeme unakoanzia, uufuate mpaka betrini. Usirukeruke. Soketi ina umeme? Chomeka taa hapo uone. Waya wa kurefushia ni mwembamba na umeviringwa? Ukiugusa una joto? Je, stima yenyewe ina nguvu? Baadhi ya vijiji vyetu viko mbali na transfoma, na jioni kila mtu akiwasha vitu vyake, balbu zinafifia. Chaja za zamani zenye transfoma nzito ndani hazina namna ya kufidia upungufu huo: stima ikishuka, na zenyewe zinashuka. Taa yake itawaka, itanguruma kama kawaida, lakini kinachofika betrini ni kidogo mno.

Stima ikiwa sawa, nenda kwenye chaja, na hapa watu wengi hupotea. Mtu anaichomoa chaja kwenye betri, anapima kwenye waya zake tupu, mita inasoma sifuri, anatangaza kwamba chaja imeungua. Ngoja kwanza! Chaja nyingi za kisasa hazitoi umeme mpaka zihisi kuna betri upande wa pili. Zimetengenezwa hivyo ili waya zikigusana zisitoe cheche. Kwa hiyo chaja ipimwe ikiwa imeunganishwa na betri. Pima kabla ya kuiwasha, andika. Iwashe, ngoja dakika chache, pima tena pale pale. Namba ikipanda, chaja inafanya kazi. Isipopanda hata kidogo, endelea kutafuta.

Na kuna hili jingine la chaja hizo, ambalo limefanya chaja nyingi nzima zitupwe. Betri ikishuka sana, tuseme gari limekaa miezi mitatu bila kuguswa, chaja ya kisasa inaweza kukataa kabisa kuanza. Inaiona betri kama haipo, au kama mbovu. Fundi mwenye uzoefu huchukua betri nyingine nzima ya volti 12, akaiunganisha sambamba na ile iliyoshuka, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kisha akawasha chaja. Chaja ikiamka na betri iliyoshuka ikaanza kupokea, anaiondoa ile ya msaada. Betri iliyovimba, inayovuja au inayopata moto wakati huo, usiendelee nayo. Na kama hujawahi kufanya kazi hii, mpe fundi, wewe usimame kando uangalie.

Magari ya kempa ya zamani yaliyotoka Uingereza yana jambo lao. Kwa baadhi yao, karibu na chaja kuna swichi ya kuchagua: upande huu betri ya injini, katikati imezimwa, upande ule betri ya nyuma. Mtu anaibonyeza bila kujua akitafuta ya taa, kisha chaja inalisha betri ya mbele usiku kucha, ya nyuma haipati kitu. Kabla hujafungua skrubu hata moja, itazame swichi hiyo.

Twende sasa kwenye waya, maana hapa ndipo kosa hupenda kujificha, na nataka tukae hapa kidogo.

Umeme wa volti 12 haustahimili vizuizi. Kwenye stima ya nyumbani, ukipoteza volti moja njiani hutajua. Lakini chaja ikitoa 14.4 na betri ikapata 13.4, umepoteza chakula chote cha mwisho. Betri itachelewa mno kujaa, na mara nyingi utaichomoa kabla haijajaa kamili. Na volti moja hupotelea wapi? Kwenye kutu. Kwenye nati iliyolegea. Kwenye kishikio cha fyuzi.

Hebu tukitazame kishikio hicho kwa karibu. Kwa macho kimefungwa vizuri. Fyuzi ukiitoa ni nzima, uzi wake haujakatika. Ukiirudisha, mambo ni yale yale. Lakini washa chaja betri ikiwa na njaa, ngoja dakika kumi, kisha gusa kishikio kwa kidole. Ni cha moto. Plastiki upande mmoja imeanza kuwa ya kahawia. Chukua mita, iweke kwenye volti, ncha moja upande huu wa fyuzi na nyingine upande ule, chaja ikiendelea kufanya kazi. Panapokuwa pazima mita itasoma karibu na sifuri. Hapa inasoma nusu volti. Umeipata nusu ya ugonjwa wako, na dawa yake ni kishikio kipya cha bei ndogo.

Fanya vivyo hivyo kila mahali pa kuungana. Kati ya kichwa cha betri na kibano kinachokishika: ncha moja juu ya risasi yenyewe, nyingine juu ya kibano. Na usisahau upande wa hasi. Magari ya zamani hutumia bodi kama njia ya kurudisha umeme. Waya mweusi wa betri umefungwa kwa bolti kwenye chuma cha sakafu, na sakafu hiyo imekula matope na maji ya mvua miaka yote. Fungua bolti hiyo, paruza mpaka chuma king'ae, kaza tena, pakaa grisi juu. Nathubutu kusema kwamba bolti hiyo moja imeponya betri nyingi kuliko duka lolote.

Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri je? Usiuparuze kwa kisu na kuupuliza, utakuingia machoni. Yeyusha magadi kidogo katika maji, umwagie pole pole juu ya kichwa. Utaona povu, hiyo ni asidi inapozwa. Ukimaliza suuza kwa maji safi na ukaushe. Lakini vizibo vyote viwe vimefungwa, kwa sababu magadi yakiingia ndani yataharibu asidi inayofanya kazi.

Mko nami bado? Haya, tugeukie gari likiwa safarini. Altaneta ya injini inalisha betri ya mbele, na kwa kupitia rilei inalisha ya nyuma pia. Rilei ni swichi inayofunga yenyewe injini ikiwaka na kuachia injini ikizimwa, ili friji isije ikamaliza betri ya kuwashia gari. Namna ya kuipima ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, pima betri ya nyuma. Mwenzako awashe injini, akanyage mafuta kidogo, wewe upime tena. Namba ikiganda pale pale, rilei haifungi, au fyuzi imekatika, au waya umeng'oka. Namba ikipanda lakini ya nyuma ikawa chini ya ya mbele kwa volti nzima, waya ni mwembamba mno kwa safari yake. Kutoka kwenye injini mpaka nyuma ya van ni mita kadhaa, na wengi hutumia waya wa spika au wa taa kwa sababu ndio uliokuwepo dukani. Weka waya mnene, na fyuzi iwe karibu na betri, pande zote mbili. Bila fyuzi, waya huo ukichubuka na kugusa bodi unaweza kuwasha gari zima moto.

Na safari ya kutoka Rodi hadi Homa Bay na kurudi haichukui muda wa kutosha kujaza betri iliyokwisha. Kuchaji betri ni kama kujaza gunia la mahindi. Mwanzoni unamwaga kwa debe, mara limefika katikati. Mwishoni unatikisa, unashindilia, unaongeza konzi kwa konzi, na hapo ndipo muda unapokwenda. Robo ya mwisho ya betri huchukua saa nyingi, altaneta ya safari fupi haifiki huko. Ndiyo maana gari lililolisha muziki matangani usiku mzima lapaswa kuunganishwa na chaja kesho yake, saa nane, kumi, hata zaidi.

Wenye sola juu ya paa, kwenu nitapita haraka. Unganisha betri kwenye kontrola kwanza, paneli baadaye. Ukitoa, toa paneli kwanza. Futa vumbi. Kivuli cha tawi moja la mwembe kinaweza kupunguza umeme wa paneli vibaya. Namba za mita ni zile zile.

Sasa tuseme umefuata njia yote, kila kitu ni safi, 14.4 inafika vichwani, na bado asubuhi betri imeanguka. Hapo sasa unaweza kuishuku betri.

Betri hii tunayoizungumzia, Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, na kemia yake haijabadilika: mabamba ya risasi ndani ya asidi ya salfa. Ugonjwa wake mkubwa pia haujabadilika. Ikiachwa bila chaji, mabamba yanashika fuwele za salfeti, mwanzoni laini, baadaye ngumu. Zikishakuwa ngumu, chaja haizivunji kirahisi. Betri itaonekana kujaa upesi, kwa nusu saa tu, kisha taa mbili zitaimaliza.

Ugonjwa wa pili ni seli moja kufa. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja ina volti mbili na kitu. Moja ikifa, betri iliyopumzika hukaa kwenye 10 na nusu na haitaki kupanda. Kama yako ina vizibo vya kufungua, chaji ikikaribia kwisha seli tano zitatoa viputo na moja itabaki kimya. Hapo hakuna dawa tena.

Na angalia aina uliyouziwa. Betri ya kuwashia injini ina mabamba mengi membamba, ya kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiitumia kwa friji usiku kucha na kuimaliza kila siku, haitadumu. Ya kazi hii ina mabamba mazito. Mwulize mwenye duka waziwazi, na hata ukipata iliyo sahihi, jaribu usiishushe chini ya nusu. Mnakumbuka nusu ni ngapi? 12.2.

Maji yakipungua, ongeza maji yaliyochujwa ya betri tu, yafunike mabamba. Usiongeze asidi. Usiongeze maji ya kisima wala ya ziwa, yana madini. Na kama unaongeza maji kila wiki, na kuna harufu ya yai viza, basi chaja inalisha kupita kiasi. Chaja za zamani hazijui kusimama. Zitaichemsha betri mpaka uzichomoe mwenyewe.

Kuhusu usalama, naomba mnisikilize hasa wenye watoto. Betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo. Fungua milango ya gari. Sigara na jiko viwe mbali. Vua pete na saa. Ukitoa waya, anza na hasi; ukirudisha, hasi iwe ya mwisho. Gari ni sanduku la chuma, na stima ya volti 240 iliyochubuka ndani yake inaua, kwa hiyo waya wa athi uwe mzima. Na radi za upande huu wa ziwa mnazijua wenyewe: mawingu yakikusanyika, chomoa chaja ukutani.

Betri iliyokufa kweli usiivunje ili upate risasi ya kuuza, na usikubali ivunjwe uani kwako. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi karibu na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo, aligundua kwamba mwanawe ana sumu ya risasi mwilini, akaanza kupigania mtaa mzima. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Hakuna fidia inayorudisha akili ya mtoto iliyoharibiwa na risasi. Ibebe betri ikiwa nzima, ikiwa wima, uipeleke dukani unakonunua mpya, na uulize watakupunguzia bei kiasi gani ukiwaachia hiyo ya zamani.

Muda wangu unakaribia kwisha. Nilisema nitarudia, na narudia: usiilaumu betri kabla ya kuipima. Najua mtatuma maswali, na nitayasoma yote. Lakini ukiandika tu “betri yangu haijai”, sitaweza kukusaidia. Niandikie namba ya asubuhi, betri ikiwa imelala. Niandikie namba ya vichwani chaja ikiwa imewashwa. Niandikie namba ya betri ya mbele na ya nyuma injini ikinguruma. Na uniambie kishikio cha fyuzi ulipokigusa kilikuwa baridi au cha moto. Ukinipa hayo, wiki ijayo saa kama hii nitakujibu kwa jina lako. Usiku mwema.